Jinsi ya kuchimba historia iliyofichika ya jengo, msikiti, kanisa au websaiti: mwongozo kamili

Ukifika Mkunazini pale Mji Mkongwe, Zanzibar, watembeza wageni wanakushusha kwenye vyumba viwili vya chini ya ardhi, giza, dari fupi mpaka unainama, na unaambiwa hapa ndo watumwa walikuwa wanafungiwa wakisubiri kuuzwa. Watu wanatoka mle wanalia. Soko lilikuwepo kweli eneo lile na mateso yalikuwepo kweli, hilo halina mjadala kabisa. Ila jengo lililo juu ya vyumba hivyo, ambalo leo ni hosteli ya Mtakatifu Monika, lilijengwa na misheni ya Kianglikana kama hospitali, na misheni ililipata eneo baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Ndo maana wapo wanahistoria wanaosema vile vilikuwa stoo ya hospitali tu, wengine wanabisha, na mjadala unaendelea.

Nimeanza na huu mfano kwa sababu kazi yote ya kuchimba historia ya mahali iko humo ndani. Unachukua hadithi inayosimuliwa, unaiweka pembeni ya tarehe, unaangalia kama vinakubaliana. Pale visipokubaliana ndo pa kuchimba. Huhitaji digrii ya historia, unahitaji simu yenye kamera nzuri, daftari, subira na adabu. Nitakupitisha hatua kwa hatua, nyingine ni fupi nyingine ndefu maana ndo ugumu wake ulivyo.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, na uandike kwanza kinachosemwa

Usianze na "historia ya Kariakoo" utapotea. Chukua nyumba moja, msikiti mmoja, kanisa moja la mtaani kwenu au websaiti moja. Halafu kabla hujachimba chochote andika kila kinachosemwa kuhusu hapo, na pembeni ya kila sentensi andika nani kakwambia: bango la nje, mlinzi, bibi yako, Wikipedia, padri. Usichuje chochote kwa sasa. Hata lile linaloonekana la uongo liandike, mara nyingi limebeba kitu.

Pale pale Mkunazini kuna mfano mzuri wa hili. Ndani ya kanisa la Kianglikana lililojengwa kwenye eneo la soko, upande wa nyuma, kuna nguzo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, hayupo, na aliporudi akaziacha. Mtu anaweza kudhani ni porojo za kufurahisha wageni, lakini nguzo zipo, nenda kazitazame, zimegeuzwa. Hapo tayari unajua hadithi ina mguu wa kusimamia, kinachobaki ni kuuliza nani aliisimulia wa kwanza.

Hatua ya 2: Lisome jengo lenyewe

Hii ndo hatua watu wengi wanairuka wakakimbilia kugugo, na ndo yenye utamu kuliko zote. Zunguka jengo lote, nje na ndani, piga picha kila kona, kisha piga karibu kila kitu chenye maandishi au muhuri.

Anza na kuta na dari. Majengo ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa vile mti wa mkoko haupatikani mrefu wa kutosha vyumba vinakuwa vyembamba, karibu mita 3 hivi kwenda chini. Ukikuta chumba kipana bila nguzo ya katikati ndani ya nyumba inayodaiwa ni ya zamani sana, angalia juu, huenda dari imebadilishwa kwa vyuma au zege, na hapo unajua kuna ukarabati ambao hakuna aliyekwambia.

Vigae vya paa navyo vinaongea. Majengo mengi ya enzi za Wajerumani na Waingereza yaliezekwa kwa vigae vyekundu vilivyotoka Mangalore, India. Kigae kikianguka kigeuze, chini kuna muhuri wa kiwanda. Kiwanda cha Basel Mission pale Mangalore kilianza 1865, kwa hiyo kigae chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia viwanda vile vikachukuliwa na Commonwealth Trust, kwa hiyo ukiona jina la Commonwealth ujue paa hilo, au angalau kigae hicho, ni cha baada ya vita. Lakini kigae kimoja hakitoshi, vigae vinahamishwa toka nyumba moja kwenda nyingine, angalia kadhaa kutoka pande tofauti za paa.

Milango vilevile. Mlango wa kuchongwa mara nyingi una mwaka wa Hijria juu, kwenye ile mbao ya mlalo, pamoja na aya. Hesabu ya kubadilisha ni rahisi: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Jaribu na msikiti wa Kizimkazi Dimbani kusini mwa Unguja, ambao ukutani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa kale, yenye mwaka 500. 500 mara 0.97 ni 485, jumlisha 622 unapata 1107, na huo ndo mwaka unaotajwa kwenye vitabu. Jibu linaweza kupishana mwaka mmoja, siyo tatizo. Sasa angalia uzuri wake, ukiuona msikiti ule kwa nje na paa lake la bati unaweza kupita bila kugeuza shingo, na kuta nyingi unazoziona zilijengwa upya karne ya 18, lakini mihrabu imebeba maandishi ya karne ya 12. Mtu aliyeangalia paa peke yake angesema ni msikiti wa juzi. Ndo maana nasema ingia ndani, omba ruhusa kwanza, vua viatu, vaa kwa heshima, usipige picha watu wakiwa kwenye sala.

Na tahadhari ya milango: mlango unauzika. Unaweza ukawa wa zamani kuliko nyumba au nyumba ikawa ya zamani kuliko mlango. Angalia fremu kama imekaa sawa na ukuta au imezibwa zibwa na saruji.

La mwisho hapa ni jiwe la msingi. Lile linakwambia siku ya kuanza, halikwambii siku ya kumaliza. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Miaka minne katikati hapo, na ndani ya miaka hiyo ndo kuna maswali: hela zilitoka wapi, mafundi walikuwa kina nani, nani alikufa, nani alilipwa na nani hakulipwa.

Hatua ya 3: Fuata majina

Jina la jengo au mtaa ni ushahidi wa bure. Pale Dar, Samora Avenue iliitwa Independence Avenue na kabla yake Acacia Avenue, ukiwa na barua ya zamani yenye anwani ya Acacia Avenue ukaitafuta kwenye ramani ya leo utasema mtaa haupo. Tengeneza orodha ya majina yote ya mtaa wako kwa zamani zake kabla hujagusa faili lolote. Mombasa nako, eneo la Kengeleni limepata jina kutokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, misheni ya Kianglikana, miaka ya 1870, na Freretown yenyewe ina jina la Sir Bartle Frere, huyo huyo aliyekuja kumshinikiza Sultan Barghash wa Zanzibar kabla soko la Zanzibar halijafungwa 1873. Yaani umeanza na jina la kituo cha matatu umefika mpaka ikulu ya Sultani.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni Atiman House, Dar es Salaam, pale Sokoine Drive. Ni nyumba ya miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid wa Zanzibar alipokuwa anataka kuifanya Dar mji wake, na baadaye ikaja mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Maelfu wanapita pale kila siku na wengi hawajui Atiman ni nani. Adrien Atiman alizaliwa sehemu za Mali ya leo, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akafika Karema, pembeni ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Akakaa hapo hapo akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka 60! Mtoto aliyeuzwa kama mzigo anakuja kuwa tabibu wa watu kwa miongo sita upande wa pili wa bara, na jina lake liko ukutani katikati ya jiji. Kila jengo lenye jina la mtu, uliza tu huyu ni nani, usiridhike na jibu la "alikuwa mmisionari wa zamani."

Hatua ya 4: Makaratasi

Kwa Tanzania bara, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina ofisi Upanga, Dar, na ndimo yalimo mafaili ya Wajerumani na Waingereza. Zanzibar wana nyaraka zao Kilimani. Kenya nenda Nairobi, Moi Avenue, na ukiwa pale tazama jengo lenyewe, lilijengwa 1906 kwa ajili ya Bank of India, na mle ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekaa kwenye kiti hicho miezi michache tu mwaka 1966. Kabla ya safari ulizia wanataka barua gani ya utambulisho na ada ni kiasi gani, vitu hivi vinabadilika. Ukifika usiombe "historia ya jengo fulani", omba orodha ya mafaili halafu tafuta chini ya ujenzi, viwanja, misheni, afya na jina la zamani la mtaa. Mafaili ya Kijerumani yapo kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, piga picha kama unaruhusiwa kisha jaribu programu ya Transkribus inayosoma mwandiko wa zamani.

Kwa nyumba za mjini kuna kitu kimoja lazima ukijue la sivyo hutaelewa kitu. Ukitembea katikati ya Dar utaona maghorofa yana jina la Kihindi na mwaka juu kabisa, 1930 na kitu, 1950 na kitu, lakini ukiuliza mwenye nyumba unaambiwa ni Shirika la Nyumba. Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo lile jina la juu ni la familia iliyojenga, na hati ya leo ni ya mwingine, na kati ya hizo mbili kuna kuondoka kwa watu, kuna machozi, na kuna upande wa pili vilevile, wapangaji walioingia mjini kwa kodi wanayoiweza. Andika pande zote mbili. Upekuzi wa hati unafanyika ofisi za ardhi kwa Msajili wa Hati na unalipiwa.

Kwa taasisi za dini njia ni zake. Kanisa: omba daftari za ubatizo na za ndoa parokiani. Kwenye misheni za zamani kama Bagamoyo, iliyoanza 1868, hizi ndo karatasi chache ambapo mtu wa kawaida ameandikwa kwa jina lake. Angalia lugha inavyobadilika ukurasa hadi ukurasa, Kilatini, Kijerumani, Kiingereza, Kiswahili, inakuonyesha nani alishika uongozi lini. Msikiti: uliza wakfu, nani aliitoa ardhi na kwa masharti gani. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Bara, bodi za wadhamini zinasajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na usajili wa jumuiya uko Wizara ya Mambo ya Ndani.

Na ukikuta kwenye karatasi za msikiti au shule ya zamani jina la EAMWS usiliruke. Hiyo ni East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa 1945 Mombasa chini ya Aga Khan, ikasaidia kujenga misikiti na shule nyingi Afrika Mashariki, halafu Tanzania ikapigwa marufuku Desemba 1968, mwezi huo huo BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikazaliwa. Mpaka leo jambo hili lina maumivu na watu hawakubaliani kwa nini ilitokea. Kama jengo lako limepita humo, tafuta mtu wa kila upande umsikilize, usiandike kwa kumsikia mmoja.

Hatua ya 5: Wazee

Nenda na mtu anayefahamika na mzee, usiende peke yako mara ya kwanza. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, chai ikija kunywa. Rekodi ukishaomba ruhusa, na umwambie utafanya nini na sauti yake.

Usimuulize "hili lilijengwa mwaka gani", hakuna anayekumbuka hivyo. Muulize "wakati unasoma madrasa hapa paa lilikuwa la nini", "mlikuwa mnachota maji wapi", "hii ngazi ilikuwepo siku ya Uhuru?" Mfunge kwenye matukio: Mapinduzi ya 1964, Azimio la Arusha 1967, vijiji vya Ujamaa miaka ya 70, Vita vya Kagera 1978. Mzee anayesema "paa hili waliweka vijana walivyorudi kutoka Kagera" amekupa tarehe nzuri kuliko bango. Na waulize akina mama, tafadhali. Wanaume watakutajia nani alikuwa mwenyekiti wa kamati, akina mama watakwambia nani alibeba kokoto, nani alipika, nani alitoa kiwanja akaandikwa mumewe.

Hatua ya 6: Picha za zamani

Kaa nyumbani na bando lako. Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani kimeweka mtandaoni picha za Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki za zamani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina picha za jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani. Tafuta kwa majina ya zamani na tahajia za Kijerumani, Daressalam, Sansibar, Bagamojo.

Kuipa picha tarehe tafuta kitu kinachojulikana kilivunjika au kilijengwa lini. Picha ya forodhani Zanzibar ikionyesha mnara mrefu umesimama peke yake mbele ya kasri, ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipopiga mizinga vita ikaisha ndani ya dakika 40 hivi na mnara ukaharibika. Ikionyesha mnara wa saa umeshikamana na uso wa Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), ni ya baada. Pale Dar tumia makutano ya Samora na Azikiwe: Sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927, enzi za Mjerumani palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani.

Hatua ya 7: Websaiti

Websaiti nayo ni jengo, ina kiwanja, ina mwenye nyumba na imewahi kupakwa rangi mara nyingi. Fungua web.archive.org, bandika anwani, utaona nakala zake za miaka ya nyuma kwenye kalenda. Soma ukurasa wa "kuhusu sisi" wa mwaka wa kwanza kisha wa leo, angalia majina yaliyotoweka. Mara nyingi mwanzilishi mmoja ameondolewa kimya kimya na hakuna tangazo popote.

Kisha nenda lookup.icann.org uangalie domeini, yaani jina la anwani ya websaiti, ilisajiliwa lini. Kwa .tz tafuta kwa msimamizi wa domeini za Tanzania, kwa .ke ni KeNIC. Majina ya wenye domeini mengi yamefichwa tangu sheria ya Ulaya ya 2018 ya kulinda taarifa binafsi, lakini tarehe ipo. Kumbuka domeini ikiisha muda ikaachwa kabisa halafu mwingine akaisajili, tarehe inaanza upya, ila ikinunuliwa kwa mnada kabla haijaachwa tarehe ya zamani inabaki. Ndo maana unaweza kukuta domeini iliyokuwa ya shule au ya jumuiya ya dini leo ni ya kubeti, na tarehe ni ile ile. Nakala za archive ndo zitakuonyesha lini ilibadilika mikono. Ongeza crt.sh, inaorodhesha vyeti vya usalama vya domeini, humo unakuta majina ya kurasa ndogo ambazo hawakuzitangaza.

Taasisi ikisema "tangu 1998" na domeini ni ya 2021 hiyo siyo ushahidi wa uongo, wengi walichelewa kuingia mtandaoni. Ila ikidai kwenye ukurasa wa mwaka 2015 kuwa ilianza 2003, na mwaka 2022 ikadai ilianza 1998, hapo una swali halali la kuwapelekea.

Angalia hata mwisho wa anwani. Kampuni nyingi za teknolojia zinatumia .io kwa sababu inapendeza. Hiyo ni herufi ya eneo la Uingereza la Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, ambako kati ya 1968 na 1973 wakazi wote walihamishwa kupisha kambi ya jeshi la Marekani pale Diego Garcia, wengi wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Herufi mbili tu, na nyuma yake kuna watu waliong'olewa kwao, na tunazibonyeza kila siku.

Hatua ya 8: Panga ushahidi, kisha rudisha nakala

Chora safu tatu: jengo linasema nini, karatasi zinasema nini, watu wanasema nini. Kitu kinachokubaliwa na safu mbili kiandike kwa uhakika. Cha safu moja kiandike na chanzo chake, "inasimuliwa", "kwa mujibu wa daftari la parokia". Vikigongana usichague unachokipenda, weka vyote viwili. Majina ya watu walio hai na siri za familia acha, au uliza kwanza.

Usichelewe. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa.

Ukimaliza, kila ukurasa wa mtandao uliotumia uhifadhi kwa kubonyeza "Save Page Now" kule archive. Picha zipe majina yenye tarehe na mahali, usiache IMG na namba. Weka nakala sehemu mbili tofauti, moja isiwe simu. Kisha chapa nakala ya karatasi, ipeleke kwa imamu, paroko au mwenyekiti wa mtaa, na nyingine kwa yule mzee aliyekusimulia, umsomee mwenyewe kwa sauti kabla hujaitoa hadharani, na atakachosahihisha kiandike na tarehe ya siku hiyo.